Moto wa Makonde na Sayansi ya Jamii: Utafiti Unaosubiriwa Pujini

Habari za moto wa porini zinazofika magazetini aghalabu ni habari za moto mkubwa. Oktoba 2020 moto ulipanda miteremko ya Mlima Kilimanjaro na kuteketeza uoto wa takriban kilomita za mraba 95. Oktoba 2022 mlima huohuo ukawaka tena. Kisiwa cha Pemba hakimo katika habari za namna hiyo, wala hakielekei kuwamo. Mvua yake ni nyingi, miti ya mabonde na vilima vyake hukaa mibichi karibu mwaka mzima, na mahali ambapo moto waweza kukimbia kilomita nyingi bila kukuta kijiji, barabara au mkono wa bahari ni pachache mno. Hata hivyo, jua la kaskazi linapokausha vichaka, moshi huonekana ukipaa kutoka makonde ya upande wa mashariki wa kisiwa, na mara kwa mara moto uliowashwa kusafisha konde moja huvuka mpaka. Hapo huungua muhogo wa jirani, au uzio, au mzinga wa nyuki, pengine na mkarafuu uliotunzwa kwa miaka mingi kabla haujatoa pishi ya kwanza. Moto wa kadiri hiyo hauitiwi ndege ya kumwaga maji. Huitiwa sheha.

Kwa sababu hiyo moto wa makonde ni jambo la sayansi ya jamii kabla haujawa jambo la zimamoto. Vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vimeanza kutoa nafasi za utafiti katika fani hii, hasa kwa wanazuoni waliokwisha kupata shahada ya udaktari na wanaohitaji miaka miwili au mitatu ya kufanya utafiti wao wenyewe kabla ya kuelemewa na kazi ya kufundisha. Nafasi nyingi hutazama nchi za moto mkubwa. Makala haya yanaeleza kazi ambayo mtafiti wa namna hiyo angeweza kuifanya Pujini, na kwa nini mahali padogo panaweza kufundisha mambo ambayo mahali pakubwa huyaficha.

Pujini ni shehia iliyo kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake. Wageni huijua kwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye masimulizi ya Wapemba humkumbuka kwa ukali. Yasemekana raia zake walibebeshwa mawe ya kujengea kuta huku wakijikokota kwa makalio. Ukiyaacha magofu, hii ni nchi ya wakulima na wavuvi kama shehia nyinginezo za upande huo wa kisiwa: muhogo, minazi, mikarafuu, mikoko kando ya maji ya chumvi, na vichaka vinavyopumzishwa baada ya kulimwa. Vichaka hivyo ndivyo vinavyochomwa.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini mkulima huchoma, maana mara nyingi jambo hili husemwa kwa lawama tu. Mtu aliye na panga na jembe, akitaka kusafisha kichaka cha miaka mitano, hana chombo cha bei nafuu kuliko kiberiti. Moto huondoa miiba na matawi, huua mbegu za magugu zilizo juu ya ardhi, na huacha majivu yenye potasiamu, kalisi na fosforasi. Hasara yake ni kwamba nitrojeni na salfa, ambazo mimea huzihitaji kwa wingi, hupaa na moshi. Hapa ndipo tofauti ya udongo inapokuwa na maana. Katika udongo mwekundu wa vilima, ambao mvua nyingi imeufanya kuwa na asidi, majivu hupunguza asidi hiyo na mazao hunufaika. Katika ardhi ya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe iliyoenea upande wa mashariki, udongo wenyewe umekaa juu ya chokaa. Asidi ya kupunguzwa hakuna. Mboji iliyojikusanya katika vishimo vya mawe ndiyo mali kuu ya konde la maweni, na moto mkali huila mboji hiyo. Mkulima wa maweni kwa hiyo hupata faida ya mwaka mmoja au miwili, kisha hulazimika kuhama na kuliacha konde liote upya.

Kuhama kulikuwa rahisi watu walipokuwa wachache. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu Wapemba 406,848. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 543,441. Katika kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 988, hesabu hiyo ni watu 550 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kichaka kilichokuwa kikipumzika miaka mingi sasa hurudiwa mapema. Matokeo yake katika habari ya moto ni mawili, nayo yanavutana. Kichaka kichanga kina kuni chache, hivyo moto wake ni mdogo. Lakini makonde yamekaribiana, na moto mdogo uliovuka mpaka hukuta mali ya mtu pale ambapo zamani ungekuta kichaka kitupu. Ni lipi kati ya mawili hayo lenye nguvu zaidi, hilo halijulikani kwa kukisia. Lataka kupimwa, konde kwa konde.

Pili ni suala la majira. Mkulima anayetaka kupanda masika yanapoanza, mwezi wa Machi, hana budi kuchoma Januari, Februari au mwanzoni mwa Machi. Miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, pepo zitokazo kaskazini-mashariki, na jua lake ni kali. Katika pwani ya mashariki ya Pemba, upepo wa namna hiyo hutoka baharini kuingia nchini. Kwa hiyo moto uliowashwa karibu na pwani husukumwa kuelekea ndani, ambako kuna mashamba ya miti. Wachomaji wenye uzoefu hulijua hilo. Huwasha alasiri upepo unapotulia, na huanzia upande ule ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo, badala ya kukimbizwa nao. Hufyeka ukanda pembezoni mwa konde na kufagia majani hadi udongo uonekane, na huweka watu wa kulinda pembe zote wakiwa na matawi mabichi ya kupigia cheche.

Yote hayo yanahitaji mikono. Na hapa pana jambo ambalo hapana picha ya setilaiti itakayolionyesha. Kaskazi ndiyo majira ambayo wavuvi wengi wa Pemba huenda dago: hufunga safari kwa majahazi na mashua hadi pwani ya Kenya na kwingineko, wakakaa huko miezi kadhaa. Wanaobaki nyumbani kuandaa makonde ni wanawake, wazee na vijana wa shule. Ikiwa konde linalohitaji walinzi sita limepata wawili, moto huweza kuvuka mpaka hata kama aliyeuwasha ni mjuzi kuliko wote. Katika taarifa ya ofisini tukio hilo litaandikwa kuwa ni uzembe. Mtaalamu wa jamii angeliandika kuwa ni upungufu wa nguvukazi katika majira fulani, na dawa ya upungufu wa nguvukazi si ile ile ya uzembe. Yamkini dhana hii si sahihi. Yamkini nyumba ambazo waume wameenda dago huchoma kidogo zaidi, au hukodi vibarua kwa fedha zinazoletwa na wavuvi hao. Ni swali ambalo mtafiti aweza kulijibu kwa kulinganisha nyumba za aina mbili katika shehia moja kwa majira mawili, na gharama yake ni ndogo.

Suala la tatu, lenye kina kuliko yote, ni la haki ya kumiliki. Zanzibar ina desturi ya zamani ya kutenganisha umiliki wa ardhi na umiliki wa miti. Mtu aweza kuwa na minazi au mikarafuu katika ardhi ambayo mwingine analima muhogo chini yake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu. Warithi wa wale waliogawiwa sasa ni kizazi cha pili na cha tatu, na eka hizo zimegawanyika mara nyingi. Sasa moto ukipita chini ya mikarafuu, anayedai fidia ni nani, na anadaiwa nani? Mkarafuu una gome jembamba na mizizi mingi iliyo karibu na uso wa ardhi. Moto wa majani usiofika hata magotini waweza kuukausha mti ulioonekana umesalimika. Kwa kuwa mti hufa polepole, ugomvi nao huanza umechelewa, wakati majivu yamekwisha kupeperuka na kila mtu ana kumbukumbu yake.

Kutokana na hali hiyo, mwenye konde hupima hatari kwa mizani ya jirani yake. Akipakana na ndugu, kuna jinsi ya kuzungumza. Akipakana na mtu wa mjini ambaye huja mara moja kwa mwaka kuchuma karafuu, hakuna wa kumwarifu siku ya kuchoma. Akipakana na msitu wa jamii au wa serikali, jirani yake ni kanuni. Mtafiti anayetaka kujua moto utavuka wapi atafanya vema kuchora ramani ya ujirani kwa uangalifu uleule anaouchora udongo.

Serikali nyingi duniani zimejibu tatizo la moto kwa kupiga marufuku. Jibu hilo lina historia ndefu, na mfano wake ulio karibu na Pemba ni Madagaska. Kwa muda upatao karne moja watawala wa kisiwa hicho, wa kikoloni na waliowafuata, walitunga sheria kali dhidi ya uchomaji, na moto haukukoma. Mwanajiografia Christian Kull, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, alieleza sababu kwa uwazi: moto ni chombo kisichoacha saini. Mkulima aliyekatazwa kuchoma huwasha usiku, au huwasha akaondoka, na kesho yake hakuna anayejua aliyewasha. Marufuku kwa hiyo huweza kuzaa kile kilichokusudiwa kuzuiwa. Moto ulioruhusiwa una walinzi na majirani walioarifiwa. Moto uliokatazwa hauna hata mmoja, kwa sababu aliyeuwasha anaogopa kuonekana karibu nao.

Njia nyingine imejaribiwa Tanzania Bara. Katika Wilaya ya Kilwa, vijiji vinavyomiliki misitu ya miombo, kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, vimekuwa vikichoma nyasi mapema, mwanzoni mwa kiangazi, wakati ambapo nusu yake bado ni mbichi. Moto wa mapema hutambaa kwa upole na kuacha mabaka yaliyoungua. Moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukija, hukuta mabaka hayo na kukosa chakula. Utaratibu huo hauwezi kuhamishiwa Pemba ulivyo, kwa maana maweni si miombo na hakuna nyasi za kutosha. Kinachoweza kuhamishwa ni ule mpango wa kuamua pamoja nani achome, lini na wapi.

Zanzibar ina msingi wa kisheria wa mpango kama huo. Sheria Na. 10 ya mwaka 1996 ya misitu huiwezesha jamii kufanya makubaliano na serikali ya kuusimamia msitu wake, na shehia nyingi za Unguja na Pemba zimekwisha kuingia katika makubaliano hayo. Lakini mtafiti atakayekwenda Pemba atakuta pia kumbukumbu nyingine. Kati ya mwaka 2010 na 2014 mradi wa HIMA uliwaeleza wanavijiji kwamba wakiacha kukata na kuchoma, kaboni iliyohifadhiwa mitini ingeuzwa nao wangelipwa. Kazi ya kuhifadhi ilifanyika. Fedha za kaboni zilizotarajiwa hazikufika. Mtu anayekuja baada ya hapo na dodoso mkononi asishangae akiulizwa yeye amekuja kuahidi nini. Swali hilo lenyewe ni data, na anayelichukulia kuwa ni usumbufu wa kabla ya mahojiano hajaielewa kazi yake.

Je, kwa nini isitumike setilaiti, na watu wakaachwa na shughuli zao? Setilaiti zitumike, ila kwa kujua mipaka yake. Ramani za maeneo yaliyoungua zinazotumika zaidi katika Afrika zimetokana na chombo kiitwacho MODIS, ambacho kila nukta ya picha yake ni mraba wenye upande wa mita 500. Mraba huo ni hekta 25, sawa na eka 62 hivi. Konde la eka moja au nusu eka humezwa ndani yake bila kuonekana. Vipo vyombo vinavyohisi joto la moto unaowaka, ambavyo huweza kutambua moto mdogo kuliko nukta yake. Mojawapo, VIIRS, hupita juu ya Afrika Mashariki karibu saa 7 na nusu mchana na tena saa 7 na nusu usiku. Mkulima mwangalifu huwasha saa 10 alasiri, na kabla ya saa 2 usiku amekwisha kuzima. Moto wake hauonekani mchana wala usiku. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huona vitu vya mita 10 na hurudi kila baada ya siku 5, nazo zingefaa kweli, ila mawingu ya Pemba hayana ratiba. Ajabu ni kwamba chombo hicho cha angani huelekea kuwaona zaidi wachomaji wabaya, wale ambao moto umewaponyoka ukawaka mchana kutwa, na kuwakosa wale wazuri. Mtu anayejifunza moto kwa ramani hizo peke yake atadhani wote ni wabaya.

Basi hapana budi kuuliza watu, na kuuliza ni taabu, maana swali lenyewe ni la kosa. Nani atamwambia mgeni kwamba moto uliokausha mikarafuu ya fulani ulitoka kwake? Takwimu zina hila ya kuvuka kikwazo hiki, iliyotokana na makala ya Stanley Warner ya mwaka 1965, nayo ni rahisi kiasi cha kuelezwa barazani. Kila anayehojiwa hupewa sarafu ya shilingi 200, akairusha bila mtafiti kuona. Ikiangukia upande wa sura ya Mzee Karume, anasema "ndiyo" bila kujali swali. Ikiangukia upande wa simba, anajibu kweli swali lililoulizwa: "Je, katika miaka mitatu iliyopita moto wa konde lako uliwahi kuvuka mpaka?" Tuseme wamehojiwa watu 200, na 130 wamesema "ndiyo". Kwa kadiri ya sarafu, watu wapatao 100 walisema "ndiyo" kwa kulazimishwa nayo. Wanabaki watu 100 waliojibu kweli, na kati yao 30 walikiri. Mtafiti amejua kwamba karibu asilimia 30 moto umewaponyoka, wala hajui ni yupi hata mmoja. Akiitwa mbele ya hakimu hana la kueleza.

Hesabu hiyo ni nzuri, ila darasani hairushwi sarafu mbele ya wazee. Katika jamii ya Kiislamu kama ya Pujini, kurusha sarafu kwaweza kunuka kamari, na mhojiwa akainuka akaenda zake. Maharage yanafaa zaidi: mekundu 20 na meupe 20 ya ukubwa mmoja, ndani ya mfuko wa kitambaa, mtu akachopoa moja na kulirudisha bila kulionyesha. Uwezekano ni uleule wa nusu kwa nusu. Tena hila hii ina gharama, kwa kuwa nusu ya majibu hutupwa, hivyo huhitaji watu wengi zaidi kuliko mahojiano ya kawaida. Na haitafaa kitu ikiwa watu hawaamini kwamba mfuko hauna ujanja. Ni afadhali mmoja wa wenyeji ayahesabu maharage mbele ya wote kabla ya kuanza.

Usiri wa namna hiyo si adabu tu. Daftari la mtafiti wa moto ni orodha ya watu wanaoweza kushitakiwa, na hata wasiposhitakiwa wanaweza kugombana na majirani watakaoishi nao maisha yote, ilhali yeye mwenyewe ataondoka. Ramani ya makonde ikichapishwa kwa usahihi wa mita 10 humtaja mwenye konde hata kama jina halikuandikwa, kwa maana kila mtu Pujini anajua konde lile ni la nani. Kwa hiyo matokeo hayana budi kutolewa kwa makundi, na majina na ramani kutunzwa mbalimbali. Hayo yakubaliwe na sheha na wanashehia tangu siku ya kwanza, pamoja na kibali cha utafiti kutoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambacho kupatikana kwake huchukua muda na ambacho wageni wengi husahau kukiombea mapema.

Sifa za mtu wa kazi hii ni rahisi kuzitaja kuliko kuzipata. Awe amezoea takwimu, aweze kusoma picha za setilaiti bila kuziabudu, na ajue Kiswahili cha kutosha kusikiliza Kipemba kikisemwa kwa haraka na watu walioshika kazi. Mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au cha Dar es Salaam atakuwa na faida ya lugha. Atakachokosa, na ambacho nafasi hizi zimekusudiwa kumpa, ni muda. Mhadhiri mwenye vipindi vya kufundisha Januari na Februari hawezi kukaa kondeni Januari na Februari.

Ratiba ndiyo itakayoamua mengi. Moto wa Pemba una majira mawili: kabla ya vuli, yaani Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, na ule mkubwa wa kaskazi. Anayepewa miaka miwili kuanzia Julai hupata misimu minne, miwili ya kila aina; atautumia ule wa kwanza kujuana na watu na kupima makonde, na iliyobaki kuhesabu. Anayechelewa kwa sababu ya vibali akafika Machi atayakuta majivu yamekwisha kunyeshewa na vipando vya muhogo vimeanza kuchipua, na itambidi angoje hadi Septemba.